Ukipotea Porini na Mbwa Wako

Mbwa hatakuokoa kwa kupigana na simba. Naanza na hilo kwa sababu vijana wengi wanaochunga huku nyikani, kuanzia Longido na Simanjiro hadi Kajiado ng'ambo ya mpaka, wamekua wakisimuliwa habari za mbwa aliyemrukia chui akamnusuru bwana wake, na wanaingia malishoni wakijiona wanatembea na askari. Mbwa wetu wa kienyeji ana kilo 15, akinenepa sana 20. Simba dume hufika kilo 200. Anachokupa mbwa porini ni masikio yake, pua yake na joto la mwili wake, na vyote hivyo vina faida akiwa ubavuni mwako tu. Akishakimbia mbele umebaki peke yako, na mara nyingine anarudi kwako akifukuzwa na mnyama aliyemkasirisha.

Kwa hiyo mengi nitakayosema hapa yanarudi kwenye jambo moja: mshike mbwa karibu.

Nawaandikia vijana wanaochunga, wanaorina asali, na wanaokata njia ya mkato kupitia pori kutoka kijiji hadi kijiji. Nawaandikia pia wazazi wanaowatuma. Kupotea hakuwapati wazembe peke yao. Mbuzi wawili wanajitenga, unawafuata, wingu linafunika kilima ulichokuwa ukikitazamia, mvua inapiga kwa nguvu, na inapokatika nyayo zote zimefutika na jua limeinama. Kijana hodari kabisa anaweza kujikuta hapo.

Ukigundua hujui ulipo, simama. Mwite mbwa, mfunge kamba, ukae chini kivulini. Mwili wenye hofu unataka kukimbia, na mtu anayekwenda bila alama ya mbali ya kumwongoza huishia kuzunguka bila kujijua. Anajichosha, anapoteza maji kwa jasho, na anazidi kutoka katika eneo ambalo watu wa nyumbani wataanza kumtafuta. Mpapase mbwa wako. Sikwambii hivi kwa kukubembeleza: kumpapasa mbwa hushusha mapigo ya moyo wa mtu aliyejawa na hofu, na kichwa kilichotulia ndicho utakachokihitaji kwa saa zinazofuata. Kumbuka mahali pa mwisho ulipopajua. Angalia maji uliyobaki nayo. Kisha pima jua.

Hapa niseme jambo ambalo vitabu vya wageni hukosea kwetu. Wanafundisha kunyoosha mkono na kuhesabu vidole kati ya jua na upeo wa macho, kwamba vidole vinne ni saa moja kabla ya machweo. Kanuni hiyo inafaa nchi za mbali na ikweta, ambako jua huteremka kimshazari. Kwetu hushuka wima. Vidole vinne ni kama nusu saa tu, na likishazama, giza linafunga ndani ya dakika 20 au 25. Ukiona vidole vinane vimebaki, acha kutafuta njia, tafuta pa kulala. Wengi wanaoumia usiku wa kwanza walikuwa wakijaribu kufika nyumbani gizani.

Pa kulala pachaguliwe kwa macho makavu. Usilale kwenye mchanga wa korongo hata kama ni laini na mkavu, kwa sababu mvua iliyonyesha milimani, mbali usikoiona, inaweza kushusha maji usiku bila onyo. Usilale kwenye njia ya wanyama inayoelekea majini. Shimo la mhanga litakuvutia, lakini ngiri na fisi hulitumia, na nyoka pia. Mti mkubwa uliosimama peke yake huita radi. Kupanda mtini usiku ni wazo la kwanza la vijana wengi, ila mbwa hapandi, usingizi utakuangusha, na chui anapanda kuliko wewe.

Tafuta kichaka kizito cha miiba, au ubavu wa mwamba wenye upande mmoja uliofungika. Kabla ya kuingia, rusha mawe ndani, kisha mpeleke mbwa akiwa kwenye kamba anuse. Akigoma, akarudi nyuma huku manyoya ya mgongo yamesimama, ondoka bila kubishana naye. Pua yake imesoma kitu usichokiona. Akinusa kwa utulivu na kuketi, panafaa. Kata matawi ya mgunga, uyapange kwa kuzunguka, mashina ndani na miiba nje, na tawi la mwisho ulivute kwa ndani kufunga mlango. Boma dogo la kuwatosha ninyi wawili linatosha. Ukilifanya kubwa utamaliza nguvu zako na litabaki na mianya.

Una kiberiti? Safisha ardhi kwanza, hatua tatu kila upande, maana kiangazi moto wa mchungaji mmoja umewahi kuchoma malisho ya kijiji kizima. Weka moto karibu na mlango, uwe mdogo, na kusanya kuni mara mbili ya unazodhani zitatosha. Moshi wa asubuhi ndio utakaoonekana na wanaokutafuta, kwa hiyo weka akiba ya majani mabichi ya kutupia juu ya makaa.

Sasa usiku wenyewe. Kati ya mwaka 1990 na 2004 simba waliua zaidi ya watu 560 nchini Tanzania, wengi wao katika mikoa ya kusini. Watafiti waliofuatilia mashambulizi hayo waligundua kwamba mengi yalitokea saa za mwanzo za usiku, baada ya jua kuzama hadi kama saa 4, na yaliongezeka katika siku zinazofuata mwezi mpevu. Maelezo yake yanaeleweka kwa mchungaji yeyote. Mwezi unapong'aa usiku kucha simba hupata taabu kuwinda. Ukianza kupungua huchelewa kuchomoza, jioni inarudi kuwa na giza, na simba anatoka akiwa na njaa ya siku kadhaa. Kama mwezi ulikuwa mpevu juzi, uwe ndani ya miiba mapema kuliko kawaida.

Mbwa mfunge kwa kamba fupi ukutani, nyuma yako au ubavuni, kamwe si mlangoni. Chui anapenda sana nyama ya mbwa, na mbwa aliyelazwa mlangoni ni chambo. Weka kiganja chako mgongoni mwake, kati ya mabega. Manyoya ya hapo husimama kabla hajabweka, na mngurumo wa kwanza utausikia mkononi, kifua chake kikitetemeka, kabla haujafika masikioni. Sikio lako linaishia sauti ya mawimbi 20,000 kwa sekunde. Lake linavuka 40,000. Anasikia panya akitembea majani makavu upande wa pili wa kichaka, kwa hiyo si kila kustuka kwake ni hatari. Akiinua kichwa, akageuza masikio, kisha akalaza kidevu, kitu kimepita. Akisimama akaganda, uso umeelekea upande mmoja bila kuyumba, amka, shika mwenge au rungu, na anza kusema.

Kusema, ndiyo. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika eneo la Kruger, Afrika Kusini, ambako watafiti walificha vipaza sauti karibu na visima vya maji. Wanyama wengi, wakiwemo tembo, twiga na chui, waliikimbia sauti ya watu wakizungumza kwa kawaida kuliko ngurumo ya simba. Sauti yako ina uzito kuliko unavyofikiri. Zungumza na mbwa wako usiku, kwa sauti ya kawaida, mwambie chochote, taja majina ya ng'ombe wa baba yako mmoja mmoja. Inamtuliza yeye, inakuzuia wewe kulia, na inatangaza kwa kila mwenye masikio kwamba hapa pana mtu. Kitu kikisogea bado, paza sauti, gonga chuma, tupa kijinga cha moto. Usitoke nje ya miiba kwa sababu yoyote, hata mbwa akikata kamba na kutoka. Najua ni neno gumu. Nimeliandika nikijua kuna kijana atakayelisoma akiwa na mbwa amemlaza miguuni.

Baridi ndiyo adui ambaye wengi hawamtegemei. Juni na Julai nyanda za kaskazini zinatetemesha, na mwili uliolowa mvua unapoteza joto haraka hata katika mwezi wa joto. Kamua nguo zako kabla hazijapoa mwilini. Kata nyasi kavu, zipige chini kwanza ili kufukuza nge na nyoka, kisha utandike unene wa kiganja, maana ardhi inanyonya joto la mwili haraka. Joto la mbwa ni nyuzi 38 hadi 39, juu kidogo ya lako. Jikunje ubavu, tumbo lako kwenye mgongo wake, na shuka moja iwafunike wote wawili. Atakuwa na viroboto na kupe, na harufu yake utaisikia wiki nzima. Vumilia.

Asubuhi tembo na nyati ndio wa kuhofia kuliko simba. Tembo akimsikia mbwa akibweka anakasirika, naye mbwa akitimuliwa anakimbilia kwako. Ukiona tembo, ziba mdomo wa mbwa kwa kiganja, vuta kamba mpaka awe gotini, rudini nyuma kimya huku upepo ukitoka kwao kuja kwenu. Dondosha vumbi kidogo uone upepo unakoelekea. Nyati dume aliye peke yake mpe nafasi kubwa kuliko unavyoona inafaa. Ukikutana na simba mchana, simama, mtazame, inua mikono na shuka juu, paza sauti nzito, urudi nyuma hatua kwa hatua bila kugeuka. Ukikimbia amekuona kuwa mawindo. Mbwa usimwachie. Vijana wanaomwachia mbwa wakidhani atampoteza simba hawajui kwamba mbwa aliyezidiwa hana pengine pa kukimbilia ila kwa bwana wake.

Maji yanatangulia chakula, na kwa mbali. Mtu mzima mwenye afya anaweza kukaa wiki kadhaa bila kula. Kwenye joto letu, bila maji, siku tatu ni nyingi. Desemba 2024 huko kaskazini mwa Zimbabwe, mtoto ambaye hata miaka 9 hakuwa nayo alipotelea katika hifadhi ya Matusadonha, yenye simba na tembo, akapatikana hai baada ya siku tano. Alikula matunda pori aliyoyajua, alilala juu ya miamba, na alichimba mchanga wa mto mkavu kwa kijiti mpaka akapata maji, ujuzi aliokuwa nao kutoka nyumbani kwao, eneo linalopata ukame mara kwa mara. Hakuwa na mbwa. Alikuwa na elimu ya wazee wake, na ndiyo iliyomfikisha siku ya tano.

Mbinu yake ni ileile ya makorongo yetu. Chimba upande wa nje wa kona, mahali ambapo maji ya masika yaligonga ukingo, au pale tembo na nyani walipokwisha kuchimba. Ukifika kwenye mchanga wenye unyevu, panua shimo na usubiri. Maji ya kwanza ni tope, yachote uyamwage, yanayofuata yatakuwa meupe zaidi. Njiwa huruka kwenda majini asubuhi na jioni. Nyuki wengi mahali pamoja wana maji kilomita chache kutoka hapo. Mbwa pia atanusa maji akiyakaribia, atavuta kamba kwa haraka isiyo ya kawaida, na wakati huo mfuate.

Ila sikiliza: mbwa akiyanywa maji si ushahidi kwamba yanakufaa. Tumbo lake linastahimili mengi. Chemsha kama una chombo, yachemke dakika moja nzima, tatu kama uko juu milimani. Huna chombo cha motoni lakini una chupa angavu ya plastiki? Chuja maji kwa kitambaa, jaza chupa, ilaze juani kwa muda wa saa 6, au siku mbili kama kuna mawingu. Jua linaua vijidudu vingi. Huna hata hiyo, na koo limekauka? Kunywa. Kuhara kunatibika, kiu ya siku tatu haitibiki.

Mpe mbwa maji yake. Mbwa wa kilo 15 anahitaji karibu lita moja kwa siku akiwa ametulia, na zaidi kwenye joto. Yeye hatoi jasho mwilini ila kidogo kwenye nyayo; anapoza damu kwa kuhema, na kila pumzi inamkausha. Akihema bila kukoma, ulimi umekuwa mwekundu uliokolea, anayumba, ameanza kuungua kwa ndani. Mlaze kivulini, mloweshe tumbo, mapaja na nyayo, umpe maji kidogo kidogo. Weka nyuma ya mkono wako juu ya ardhi kabla ya kutembea mchana; usipoweza kuuacha hapo kwa kuhesabu hadi saba, nyayo zake zinaungua. Tembeeni alfajiri na alasiri, mchana mpumzike.

Chakula nitakipita haraka. Usiwinde. Mawindo yanakula maji na nguvu, mbwa anaumia, na ndani ya hifadhi ni kosa la jinai. Kula tunda unalolijua kwa jina na uliloonyeshwa na mtu mzima: ubuyu, ukwaju, zambarau, ng'ong'o, furu, matunda ya mkole. Ubuyu ule ukiwa na maji, kwa sababu unga wake unakausha kinywa. Usile tunda kwa sababu umemwona nyani analila au mbwa ameliramba. Wao si sisi, na vijana wameumwa vibaya kwa kuamini hivyo. Mzinga wa nyuki uuache kabisa. Mbwa aliyevamiwa na nyuki atawaleta wote kwako.

Je, mbwa atakurudisha nyumbani? Mara nyingi anaijua njia. Lakini lazima umuulize kwa neno analolijua. Kila familia ina neno la jioni, lile linalotamkwa mifugo inapogeuzwa kurudi zizini. Asubuhi, ukiwa umepumzika, legeza kamba, simama nyuma yake, litamke neno hilo, usimvute. Akishika mstari mmoja, kichwa mbele, anasita tu kukusubiri, mfuate. Akizunguka, akinusa kila kichuguu, akakojoa hapa na pale, hajui au hajaelewa. Kaa, mjaribu tena alasiri. Ukiwa na punda au ng'ombe waliobaki nawe, nao wajaribu, punda hasa hasahau njia ya zizini. Na popote utakapopita acha alama: vunja matawi yalale upande unaoelekea, panga mawe matatu, funga kipande cha kitambaa usawa wa macho.

Swali gumu zaidi ni kama umwachie mbwa aende peke yake kuita watu. Mwishoni mwa Julai 2014, huko Yakutia, Siberia, mtoto wa kike ambaye hakuwa ametimiza miaka 4 alipotea katika msitu mkubwa pamoja na mtoto wa mbwa. Mtoto aliishi humo siku 11, akila matunda madogo ya msituni na kunywa maji ya mto, usiku akilala amemkumbatia mbwa. Kabla ya siku hizo kwisha, mbwa akarudi kijijini peke yake. Waliokuwa wakitafuta walikata tamaa, wakijua mtoto amebaki bila joto lile. Lakini nyayo za mbwa ziliwaonyesha upande wa kwenda, wakamkuta hai kwenye nyasi ndefu. Leo kuna sanamu ya mtoto na mbwa huyo kwenye uwanja wa ndege wa Yakutsk.

Mimi nasoma kisa hicho hivi: mbwa alifaa mara mbili, kwanza kwa kubaki, kisha kwa kurudi, na kubaki kulikuwa muhimu zaidi. Usimwachie usiku wa kwanza. Kama siku ya pili imepita, umevunjika mguu, huwezi kutembea na mbwa ameonyesha wazi anataka kushika njia, hapo mwachie, asubuhi, kamwe si jioni. Chana kipande cha shuka lako ambacho mama atakitambua, kifunge kwenye mkanda wake wa shingoni, kifupi, kisining'inie kikanaswa na miiba. Ukiwa na mkaa, andika juu yake jina la kilima au korongo ulilopo, herufi kubwa. Halafu usihame. Watakuja kwa nyayo zake hadi pale mlipoachana.

Majeraha. Nyoka akikuuma, usikate, usinyonye, usifunge kamba ya kukata damu. Vua bangili na pete, tulia, fungia kiungo kwa kijiti kisitikisike, na hapa kelele zako zote za kuomba msaada zitumie. Swila akitema machoni, yako au ya mbwa, osha kwa maji mengi bila kusugua. Maziwa ya mnyaa, ambayo nimewahi kusikia yakishauriwa, yanaongeza madhara. Mbwa aliyeumia atakung'ata hata kama anakupenda, kwa hiyo mfunge mdomo kwa kitambaa kabla ya kumtoa mwiba, isipokuwa anatapika au anahema sana. Kagua kati ya vidole vyake kila mnapopumzika. Kuhusu mbung'o, wanavutwa na rangi ya buluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Huko kwenye mbung'o vaa kitu cha rangi ya udongo. Mbwa naye huugua ugonjwa wao, na macho yanayoanza kuwa na ukungu wa buluu baada ya safari ni sababu ya kumwona mganga wa mifugo.

Na kichaa cha mbwa. Hapa naomba wazazi wasome mara mbili. Ugonjwa huu unaua karibu kila anayeanza kuonyesha dalili, na unakadiriwa kuua watu 59,000 kwa mwaka duniani, wakiwemo watoto wengi, karibu wote kwa kung'atwa na mbwa. Bweha anayekujia mchana bila woga, au anayeyumba na kutoa mate, mkimbize kwa mawe na usimruhusu mbwa amguse. Ukikwaruzwa au kung'atwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, na ukitoka porini nenda kituo cha afya siku hiyohiyo uchanjwe. Kunapochanjwa mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa hukosa njia ya kuendelea. Mtoto wa mbwa achanjwe akiwa na miezi 3, kisha kila mwaka. Mchanje pia dhidi ya homa ya mbwa inayoitwa distempa mnapopata nafasi. Mwaka 1994 virusi vya ugonjwa huo viliua karibu theluthi ya simba wa Serengeti. Baada ya hapo mbwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi walianza kuchanjwa.

Mbwa wa kukusaidia porini anatengenezwa nyumbani, na anatengenezwa na wewe. Mlishe kwa mkono wako mwenyewe, kila siku, hata kama ni ugali uliobaki na maji ya samaki. Mwite kwa mluzi mmoja usiobadilika, na kila akija apate kitu, tonge au kupapaswa. Usimpige akija kwako, hata kama amekuja amechelewa na umekasirika, maana siku utakapomwita gizani atakumbuka fimbo. Mzoeze kamba akiwa mdogo. Mfundishe kukaa kimya kwa kumshika mdomo taratibu na kumsifu. Wakulima wa Namibia, wanaopewa mbwa wa kulinda mbuzi dhidi ya duma na shirika moja la uhifadhi tangu mwaka 1994, wanawalea ndani ya zizi tangu wachanga, na kazi kubwa ya mbwa hao ni kusimama na kubweka mpaka duma aondoke. Mbwa anayekwenda kutafuta ugomvi si mbwa mzuri wa machunga.

Mfukoni uwe na kiberiti kilichofungwa kwenye plastiki, filimbi, kisu, kamba ya mita nne, chupa ya maji angavu, na pakiti moja ya chumvi ya kuongeza maji mwilini. Filimbi ipulizwe mara tatu, kimya, tena mara tatu. Sauti yako itakauka kabla ya filimbi. Simu izime, iwashe ukiwa juu ya mwinuko, utume ujumbe mfupi badala ya kupiga, kwani ujumbe hupenya mahali ambapo sauti haipiti. Namba ya dharura ni 112, Tanzania na Kenya. Kabla hujatoka asubuhi mwambie mtu mmoja: leo nachunga upande gani, nitarudi kwa njia ipi. Ukijikuta umeingia hifadhini na mbwa, jitokeze kwa askari wa wanyamapori mara tu ukiwaona. Mbwa haruhusiwi humo, lakini mtoto aliyepotea kwanza ni mtoto aliyepotea, na ukijificha watakuchukulia kuwa jangili.

Kwa mnaobaki nyumbani: kijana asiporudi mpaka giza, washeni moto mkubwa mahali pa juu na mpige kelele kwa zamu, kisha mnyamaze kabisa msikilize. Msikimbilie kuingia porini wote usiku, mtafuta mmoja atapotea naye. Alfajiri anzeni pale alipoonekana mara ya mwisho, mkiita jina la mbwa pamoja na jina la mtoto, kwa sababu mtoto aliyezimia hajibu lakini mbwa atabweka. Na mbwa akirudi peke yake, msimpige, msimfukuze, wala msimwache alale tu. Angalieni shingoni mwake. Angalieni nyayo kama zina tope au mchanga, na matope ya rangi gani, kwani wazee wanajua korongo lipi lina udongo upi. Mpeni maji, mfungeni kamba ndefu, mmoja aliyezoeana naye aishike, na mrudi naye kwa njia aliyojia, kabla ng'ombe wa asubuhi hawajafunguliwa wakazikanyaga nyayo zake.